Kabla Kikundi Hakijanunua Kompyuta: Hesabuni Kazi, Kisha Hesabuni Matundu



Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeirudia mara nyingi katika semina za waweka hazina, na wengi wenu mmeishika. Vitabu vimeandikwa, risiti zimehifadhiwa, na sasa vikundi vingi vinatuuliza swali jipya: "Vitabu vimejaa. Tunataka kununua kompyuta ya mezani. Tununue gani?"

Kwa muda mrefu sisi tulikuwa tukijibu kwa ufupi: "Nunueni ile mnayoiweza." Jibu hilo halikuwa zuri, na tulijifunza kwa uchungu.

Kiko kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu. Wanafuga kuku na kukopeshana pesa. Mwaka 2024, baada ya kuweka akiba kidogo kidogo, walituma watu watatu mjini wakanunua kompyuta iliyotumika ng'ambo. Muuzaji aliwaambia, "Hii ni i5, mashine ya nguvu." Bei ilikuwa nafuu, wakafurahi, wakapanda matatu na mzigo wao.

Kufika nyumbani, waya wa skrini haukuingia. Skrini ilikuwa ya zamani, wamepewa na mtu, na ina kichwa cha buluu chenye pini nyingi. Sanduku la kompyuta halikuwa na tundu la namna hiyo. Ikabidi warudi mjini kwa nauli nyingine kutafuta kiunganishi. Mashine ilipowaka, ilikuwa mzee: bonyeza, chemsha chai, rudi. Halafu mwezi wa Oktoba 2025 wakaambiwa kwamba Windows 10 iliyo ndani imefika mwisho wa huduma, na mashine yao haiwezi kupokea Windows 11. Ikafunikwa kwa kitambaa cha kufuma kwa mama mwenyekiti, na katibu akarudi kwenye kitabu. Memba wawili wakadai warudishiwe mchango wao.

Hakuna aliyeiba hapo. Muuzaji hakusema uongo, maana kweli ilikuwa i5. Lakini kikundi hakikujua cha kuuliza, na sisi tuliopaswa kuwaeleza tulinyamaza. Ndiyo sababu tunaandika haya. Hatutawafanya kuwa mafundi. Tunataka tu yule mtakayemtuma dukani aende na karatasi mkononi, na ajue ni nini kilichoandikwa juu yake.

ANZENI KWENYE MKUTANO, SI DUKANI

Chukueni karatasi kubwa, ipasueni kwa mstari katikati. Upande mmoja andikeni: Kompyuta itafanya kazi gani? Upande wa pili: Ni vitu gani vitaunganishwa nayo?

Katika vikundi vingi kazi ni hizi: kuandika hesabu za akiba na mikopo, barua na kumbukumbu za mikutano, orodha ya memba na namba zao za simu, kujaza fomu za serikali kwenye mtandao, kuhifadhi picha za mradi, na kuchapisha. Wengine wanataka pia kuwachapia majirani barua na mitihani ya shule ili kikundi kipate senti mbili tatu.

Mkiitazama orodha hiyo mtaona hakuna kazi nzito ndani yake. Haitaki mashine ya bei ya juu kabisa. Lakini haitaki mashine iliyochoka pia. Kama vijana wenu wanataka kutengeneza video za harusi na kuziuza, hiyo ni kazi nyingine, na mashine yake ni nyingine. Semeni mapema.

Upande wa pili wa karatasi tutaurudia tukifika kwenye matundu.

MPISHI, MEZA NA STOO

Lile sanduku ambalo wengi tunaliita "sipiyuu" lina viungo vingi, lakini vitatu ndivyo vinavyoamua kama mtafurahi au mtajuta. Fikirieni jikoni siku ya harusi. Yuko mpishi, iko meza ya kukatia nyama na mboga, na iko stoo.

Mpishi ni prosesa. Huyu ndiye anayefanya kazi yenyewe. Wauzaji hupenda kutaja i3, i5 na i7, na sisi hudhani namba kubwa ni bora siku zote. Sivyo. Kuna namba ya pili iliyo muhimu zaidi, nayo ni kizazi. Kwa prosesa nyingi za Intel mtaona maandishi kama i5-7500 au i3-8100. Tazameni namba iliyo baada ya kistari. Ikiwa ina tarakimu nne na inaanza na 7, hicho ni kizazi cha 7. Ikianza na 8 ni kizazi cha 8. Ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10400, soma mbili za kwanza: kizazi cha 10.

Sasa linganisheni hizo mbili za kwanza. i5-7500 ina viini vinne vya kufanyia kazi. i3-8100 nayo ina viini vinne. Kwa barua na hesabu hamtaona tofauti. Lakini ile i3 inapokea Windows 11, na ile i5 inakataliwa. Kumbe yule "mdogo" ndiye wa kununua! Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au za AMD za wakati huo huo kwenda mbele. Tena inataka kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Muda wa kawaida wa Microsoft kuihudumia Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo andikeni kwenye karatasi: KIZAZI CHA 8 AU ZAIDI.

Kwa nini jambo hili ni kubwa hivyo? Kwa sababu mashine isiyopokea marekebisho ni kama nyumba yenye dirisha bovu. Leo hakuna mwizi, kesho yuko. Na ndani ya kompyuta yenu mtakuwa na namba za vitambulisho, namba za simu na deni la kila memba. Sheria ya Kenya ya kulinda habari za watu, ya mwaka 2019, inatutaka tuzitunze habari hizo vizuri. Mambo ya watu ni siri ya watu.

Angalieni pia herufi iliyo mwishoni mwa namba. Kwa Intel, herufi F, kama i3-10100F, maana yake prosesa hiyo haina uwezo wa picha ndani yake. Matundu ya skrini yaliyo kwenye ubao mkuu hayatatoa picha mpaka muongeze kadi ya picha. Mtu anaweza kuuziwa mashine kama hiyo, akachomeka skrini, akaona giza. Herufi T ni sawa. Ni prosesa inayokula stima kidogo.

Meza ni RAM. Mpishi hodari akipewa meza ndogo, atafanya kazi polepole, kwa sababu kila mara lazima arudishe kitu stoo ndipo apate nafasi ya kingine. GB 4 ni kidogo siku hizi, ingawa mashine itawaka. GB 8 inatosha kazi za kikundi. GB 16 ni nzuri kama pesa zipo au mtafanya kazi za picha. Jambo la kuuliza ni hili: "Je, kuna nafasi ya kuongeza baadaye?" Mashine nyingi za mezani zina nafasi mbili au nne za RAM. Ikiwa GB 8 iko kwenye kipande kimoja na nafasi moja imebaki wazi, mtaweza kuongeza mwakani bila kutupa kitu. Lakini RAM zina namna zake: DDR3, DDR4 na DDR5. Haziingiliani. Kabla ya kununua nyingine, andikeni namna iliyo kwenye mashine yenu.

Stoo ni diski. Hapa ndipo wengi hukosea. Diski za zamani zina sahani inayozunguka ndani; za kisasa, zinazoitwa SSD, hazina kitu kinachozunguka. Muuzaji atawaambia, "Hii ina GB 1000, ile nyingine ina GB 256 tu." Mtaona ya kwanza ni kubwa, mtaichukua, na mtasubiri kila asubuhi. SSD ya GB 256 ndiyo itakayowafaa. Tufanye hesabu: picha ya simu mara nyingi ni kama MB 4. Picha elfu moja ni kama GB 4. Barua na hesabu ni ndogo zaidi sana. Kikundi kitachukua miaka mingi kuijaza GB 256. Stoo kubwa ambayo mlango wake hufunguka kwa shida haina faida kwa mpishi.

Mkikumbuka mambo haya tu, mmeshinda nusu ya vita: kizazi cha 8 au zaidi, RAM GB 8, SSD GB 256.

MATUNDU: HAPA NDIPO WENGI HUANGUKA

Geuzeni lile sanduku mtazame mgongo wake. Mtaona matundu ya kila sura. Kila tundu ni mlango, na kila mlango una mgeni wake. Mkikosa mlango, mgeni anabaki nje hata kama mlimlipia nauli.

Tuanze na skrini, maana ndiyo iliyowaangusha wale akina mama. Kuna milango mitatu ya kujua.

VGA ni tundu lenye safu tatu za matundu madogo, jumla 15, na mara nyingi ni la buluu. Lilianza mwaka 1987. Skrini nyingi za zamani na projekta za mashule bado zinalitumia. Mwaka 2010 kampuni kubwa kadhaa za kompyuta zilitangaza kwamba zitaliacha, kwa hiyo mashine nyingi mpya hazinalo.

HDMI ni tundu jembamba, lile lile mnaloliona nyuma ya televisheni za kisasa. Linapeleka picha na sauti pamoja.

DisplayPort linafanana na HDMI, lakini pembe yake moja imekatwa. Liko sana kwenye mashine zilizotoka maofisini ng'ambo.

Sheria ni rahisi: tundu moja la sanduku lifanane na tundu moja la skrini, na waya uwe na vichwa hivyo viwili. Ikishindikana, mnunue kiunganishi. Vipo vya kutoka HDMI kwenda VGA, na vya kutoka DisplayPort kwenda VGA. Ila kuweni macho: waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI kwa kawaida hupeleka picha upande mmoja tu, yaani kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini. Ukiugeuza, hakuna kitu. Jueni pia kwamba VGA haipeleki sauti. Kama mnataka kuonyesha filamu ya mafunzo kwa projekta ya VGA, lazima muwe na spika kando, na tundu dogo la duara la kuchomekea.

Sasa USB. Haya ni yale matundu ya pembe nne tunayoyajua kwa flashi. Rudini kwenye karatasi yenu kubwa, upande wa pili, mkahesabu. Wacha tuseme kikundi chenu kina:

Kibodi, 1.
Mausi, 1.
Printa, 1.
Simu au modemu ya mtandao, 1.
Flashi ya kuhifadhia nakala, 1.
Flashi ya mteja anayetaka kuchapisha, 1.

Hayo ni 6 tayari. Basi msinunue sanduku lenye manne. Tafuteni lenye 6 au 8, na angalau mawili yawe mbele. Katibu asilazimike kupiga magoti nyuma ya meza kila mteja akija na flashi. Vitu visivyotolewa, kama kibodi, mausi na printa, vikae nyuma. Vya kuingia na kutoka vikae mbele.

Kati ya matundu ya USB kuna ya mwendo wa zamani na ya mwendo mpya. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008 na ina kasi zaidi ya mara kumi kwa namba zake za karatasi. Mara nyingi hii ya pili ina ulimi wa buluu ndani, ingawa si lazima. Kibodi na mausi hazihitaji mwendo huo. Ziwekeni kwenye USB 2.0, na ya buluu muiachie diski ya nje na flashi. Mkiwa na moja au mbili za buluu, zinatosha.

Je, matundu yakipungua? Kuna kigawanyaji cha USB, kama ekstensheni ya stima. Kinasaidia, lakini kumbukeni kwamba vitu vyote vilivyo juu yake vinagawana nguvu ya tundu moja. Kibodi na mausi hazitalalamika. Diski ya nje inaweza kukataa kuwaka.

Siku hizi kuna pia USB-C, tundu dogo la mviringo kama lile la simu nyingi mpya. Mkiwa nalo ni vyema, lakini msilipe pesa nyingi kwa ajili yake ikiwa hamna kitu cha kuchomeka humo.

Kama kuna mtu atawapa kibodi ya zamani, tazameni kichwa chake. Ikiwa ni cha duara cha rangi ya zambarau, hicho ni PS/2. Mausi yake huwa ya kijani. Mashine nyingi za leo hazina matundu hayo. Msikatae zawadi, lakini jueni mapema.

Mwisho wa matundu ni mtandao. Tundu la waya wa mtandao linafanana na lile la simu za mezani za zamani, ila ni pana zaidi. Karibu kila kompyuta ya mezani inalo. Wi-Fi ndiyo si hakika. Tumeona watu wakishangaa, "Laptopu ya mtoto wangu inashika mtandao, kwa nini hii haishiki?" Ni kwa sababu kompyuta nyingi za mezani hazikuwekewa Wi-Fi. Kuna njia mbili: kununua kijifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB, au kuunganisha simu kwa waya wake wa USB na kuiruhusu igawe mtandao. Njia ya pili haina gharama mpya, ila inakula tundu moja. Tuliihesabu hapo juu, si ndiyo?

STIMA NAYO IHESABIWE

Stima yetu Kenya ni volti 240. Baadhi ya mashine zilizotumika ng'ambo zina swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na tundu la stima, yenye 115 na 230. Hakikisheni iko kwenye 230 kabla ya kuwasha. Ikiwa kwenye 115, mtasikia mlio na mtanusa harufu, na huo ndio mwisho wa kisambaza stima chake.

Je, italeta bili kubwa? Tupige hesabu pamoja. Sanduku la kazi za ofisi tuliwekee wati 60 na skrini wati 20. Jumla 80. Mkiitumia saa 5 kwa siku, ni wati-saa 400, yaani uniti 0.4. Kwa siku 20 za mwezi ni uniti 8. Zidisheni kwa bei ya uniti mnayolipa kwenye tokeni, mtajua. Wanaotumia sola wampelekee fundi wao hesabu hii hii kabla ya kununua. Ziko pia kompyuta ndogo za mezani, kama kitabu kinene, zinazokula stima kidogo zaidi. Lakini hizo huwa na matundu machache, basi zihesabuni vizuri.

Stima ikipotea katikati ya kuandika hesabu, kazi hupotea, na mara nyingine faili huharibika. UPS ndogo inawapa dakika chache. Si ya kuendelea na kazi mpaka jioni. Ni ya kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Chomekeni humo sanduku na skrini tu. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS. Inapopasha moto huvuta stima nyingi kwa ghafla na inaweza kuiangusha.

Na UPS haichukui nafasi ya nakala. Kila mwisho wa mkutano, hesabu ziwekwe kwenye flashi, na flashi hiyo ilale nyumba nyingine, si chumba kimoja na kompyuta. Moto na mwizi havichagui.

SIKU YA KWENDA DUKANI

Tumeni watu wawili au watatu, mmoja wao akiwa ndiye atakayeitumia mashine. Mara nyingi tunawatuma viongozi, halafu kijana au mama anayechapa anabaki nyumbani. Hilo si sawa. Pateni bei za maduka matatu kwa maandishi, kama mnavyofanya mkinunua mabati. Kila bei iandikwe: prosesa na namba yake yote, RAM, diski na namna yake, matundu, na waranti ni ya miezi mingapi. Karatasi iliyoandikwa "Kompyuta i5" peke yake, irudisheni.

Ombeni mashine iwashwe mbele yenu. Kisha fanyeni mambo haya:

1. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nendeni kwenye sehemu ya Performance. Hapo mtaona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM na nafasi ngapi zimetumika, na kama diski ni SSD au HDD. HDD ndiyo ile ya kuzunguka.

2. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni winver, bonyezeni Enter. Mtaona ni Windows ipi. Kwa njia hiyo hiyo andikeni tpm.msc, na mtafute namba 2.0.

3. Ingieni kwenye Settings, kisha System, kisha Activation. Iwe imeandikwa kwamba Windows ni Active. Programu ya wizi itawasumbua baadaye. Kwa barua na hesabu mnaweza kutumia LibreOffice, ambayo ni ya bure na halali.

4. Chukueni flashi yenu muichomeke kwenye kila tundu la USB, moja baada ya jingine. Msione haya. Tundu moja bovu kati ya sita ni tundu mlilolilipia.

5. Kama mna skrini nyumbani, piga picha mgongo wake kwa simu kabla ya kusafiri. Mfananishe na mgongo wa sanduku pale pale dukani. Picha moja tu ingewaokolea wale akina mama nauli.

6. Risiti iandikwe kwa jina la kikundi, pamoja na namba ya mashine. Iingizwe kwenye kitabu cha mali siku hiyo hiyo.

Mashine mpya kabisa au iliyotumika? Mpya ina waranti ndefu zaidi na miaka mingi mbele yake. Iliyotumika ni nafuu, na si aibu, mradi tu ipite majaribio hayo sita. Sisi tungechagua iliyotumika ya kizazi cha 8 yenye SSD kuliko "mpya" ya prosesa dhaifu na RAM ya GB 4. Rahisi ni ghali, wahenga walisema. Lakini nasi tunaongeza: ghali bila kujua ni hasara pia.

KAMA MMEKWISHA KUNUNUA YA ZAMANI

Msivunjike moyo. Wale akina mama tuliwarudia, tukakaa nao, tukakiri kwamba tuliwaacha peke yao. Kisha fundi akaja. Akatoa diski ya kuzunguka akaweka SSD. Akaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaoendelea kupokea marekebisho na unaokubali mashine za zamani. LibreOffice inafanya kazi humo. Katibu alihitaji siku kadhaa kuzoea sura yake mpya. Sasa hesabu zinaandikwa, na kitambaa cha kufuma kimerudi kwenye kiti chake.

Wale memba wawili hawakuondoka. Waliomba kitu kimoja tu: safari ijayo, karatasi ya mahitaji isomwe mbele ya mkutano kabla pesa hazijatoka benki. Nasi tunaona walisema kweli. Pesa za kikundi ni jasho la wengi, basi hata kazi ya kujua ni ya wengi. Isiachiwe mtu mmoja "anayejua mambo ya kompyuta."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni kazi gani tatu tunazotaka kompyuta itufanyie? Ni nani atakayezifanya, na ni nani mwingine atakayefundishwa ili asiwe peke yake?

2. Orodhesheni vitu vyote vitakavyounganishwa. Ni matundu mangapi ya USB? Skrini yetu ina tundu gani?

3. Zaidi ya bei ya mashine, tumetenga pesa za UPS, waya, wino, karatasi na tokeni?

4. Tukikosa kupata mashine ya kizazi cha 8 kwa pesa tulizo nazo, je, tusubiri miezi mitatu tuongeze akiba, au tununue ya chini? Kila mmoja aseme sababu yake.

Andikeni majibu kwenye kitabu cha mikutano. Karatasi hiyo ndiyo itakayokwenda dukani.